Kibao cha Mtaa wa Waoga

Karani wa mji alitudhulumu jina. Alikuja kibandani kwangu na daftari, akanywa maji yangu, akanisikiliza asubuhi nzima, kisha akaandika uongo na kuusimamisha mbele ya mlango wangu juu ya nguzo mbili za chuma.

Mimi nauza mitungi. Mama aliuza mitungi, na bibi kabla yake, hapahapa mteremkoni. Soko letu la kale liko juu, kwenye tambarare zinakokutana njia tatu: ya chumvi, ya nafaka na ya ng'ombe. Chini kuna chemchemi. Zamani wachuuzi walitembea siku nne, wakafika na vumbi hadi kwenye kope. Bibi aliwatekea maji wakaoga, ndipo wakapanda sokoni wakiwa watu mbele ya watu. Mtaa ukaitwa wa Waoga.

"Waoga, mama?" karani aliniuliza.

"Waoga, baba."

"Wake kwa waume?"

"Wote. Hakuna aliyepanda sokoni hivihivi."

Akaandika huku anacheka. Nikadhani amefurahi.

Kibao kilipowekwa nilikuwa sijui a wala be. Nilikifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Wageni walisoma, wakanitazama, wakacheka. Nami nikacheka nao, nikawakaribisha. Miezi minane! Mpaka wifi yangu, ambaye alisoma kidogo, alipokuja kuchukua mtungi akakisoma kwa sauti: "Hapa ndipo watu wa mji walipojificha kwa woga wakati wa vita."

"Vita gani?"

"Muulize aliyeandika. Kumbe kaka yangu alioa ukoo wa waoga! Ndiyo maana ukiona panya unapanda kitandani."

"Panya mwenyewe ni wewe, wifi."

Tulicheka, kisha nikafunga kibanda.

Nilikwenda ofisini. Karani hakuinuka kitini.

"Mama, mwoga ni mtu mwenye hofu. Hata kamusi inasema."

"Hiyo kamusi iliwahi kufika chemchemini?"

Akanijibu nilete malalamiko kwa maandishi. Kwa maandishi, mimi!

Basi nikaingia darasa la watu wazima. Wenzangu walianza na majina yao. Mimi nilimwomba mwalimu anianzishie na "waoga". Baada ya mwaka niliandika barua kwa mkono wangu, mistari sita, wa kwanza ukisema: waoga wetu ni watu waliooga. Karani akaigonga muhuri, akaitia chini ya nyingine.

Siku hizi kibao sikifuti. Ndege wanajua la kukifanyia. Mgeni akisimama, nampa kata ya maji ya chemchemi anawe uso, kisha namweleza mwenyewe. Mitungi inatoka vizuri. Jirani yangu, fundi makufuli, husema uongo wa karani umeniletea wateja kuliko ukweli wa ukoo mzima. Sibishi. Kazi ninayo, afya ninayo, na jioni najisomea gazeti la kufungia mitungi kabla sijalichana.

Lakini karani bado anadaiwa mambo mawili: mstari mmoja wa kweli pale kwenye kibao, na miguu yake hapa mlangoni, aje amwombe radhi bibi yangu, aliyewatekea maji watu wa njia tatu na hakuwahi kumkimbia yeyote.