Rimu Alizoletewa Baba

Ndugu yangu alifika Kikima Jumamosi ya Pasaka na rimu nne za sport, akazitandaza uani, na kabla hajanywa chai alikuwa ameshawaita majirani waje waone. Zilikuwa za kung'aa, pana kuliko za gari la Baba, na tayari zilikuwa na tairi.

"Baba, nimekuletea gari viatu," akasema.

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, kwa hivyo alizipapasa rimu moja moja, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni.

Gari hilo mimi ndiye niliyeliendesha. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Kitui baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikapata kazi ya kufundisha shule ya msingi ya karibu. Baba hakuweza tena kuendesha. Kliniki ya mjini Wote nilimpeleka mimi, kanisani mimi, na maji yalipokauka mferejini niliyafuata mimi kwa mitungi. Ndugu yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, anaishi Nairobi. Tulimwona Pasaka na Desemba.

Yeye na jirani walizifunga rimu mchana huohuo. Nilitoka jikoni mikono ikiwa na unga wa chapati, nikainama kutazama magurudumu ya nyuma. Tairi zilikuwa zimetokeza nje hadi sambamba na bodi.

"Umezipima lakini?" nikamuuliza. "Tukipakia watu, si zitagusa?"

"Nipime nini? Nati zimeingia. Nati zikiingia, rimu imetosha."

"Si nati peke yake."

"Sista, si ushukuru tu hata mara moja?"

Majirani walicheka. Akamkumbatia Baba kando ya gurudumu la mbele, wakapigwa picha, ikatumwa kwenye kundi la familia. Watu wakajaza pongezi. Mimi nilirudi kugeuza chapati.

Alipoondoka, nilizipima mwenyewe. Niliwasha gari nikakata usukani mpaka mwisho, kushoto kisha kulia, nikisikiliza. Mbele hapakuwa na shida. Nyuma, nilipitisha vidole juu ya tairi, vikapita kwa kubanwa. Gari likiwa tupu, halikugusa. Lakini gari letu lilikuwa tupu lini? Nikatoa chaki kwenye mkoba wangu wa shule, nikaipaka ukingo wa bodi kwa ndani, juu ya magurudumu ya nyuma. Nikatia magunia ya mahindi kwenye buti, nikamwomba Baba akae kiti cha nyuma, anakokaa siku zote ili anyooshe mguu wake wenye kidonda. Tukashuka barabara ya kanisani. Kwenye tuta, gari lilipodidimia, nikasikia mkwaruzo mkavu, kama mtu anayeparua sufuria.

Nilisimama. Chaki ilikuwa imefutika, na begani mwa tairi kulikuwa na mstari mweupe. Nikamsaidia Baba kushuka, nikakiweka kidole chake juu ya mstari ule.

"Sikusikia kitu," alisema.

"Shika hapa, Baba. Hii ni nini?"

"Ni chaki."

"Imetoka kwenye bodi. Tairi inagusa."

"Wewe ndiye uliyeipaka," akasema, akarudi kukaa garini.

Jioni hiyo nilipiga jeki ili nirudishe magurudumu ya zamani. Nilipotoa la kwanza, nikaona ndani ya rimu kovu limezunguka pande zote, limejaa uchafu mkavu. Halikuwa kovu la jana. Hapo nikakumbuka kwamba Desemba gari la ndugu yangu lilikuwa na rimu kama hizi, na Pasaka lilikuja na nyingine. Nikampigia.

"Hizi umezitoa kwenye gari lako."

"Kwa hivyo? Bado ni nzuri."

"Zilikuwa zinagusa hata kwako, kwa ndani."

"Basi uwe unaendesha polepole," akasema, akakata simu.

Nilipogeuka kwenda stoo, Baba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Usizitoe. Mwanangu akija Desemba azikute."

"Baba, tutapasukiwa njiani."

"Nimesema."

Sikumwambia kuhusu lile kovu. Ningemwambia, angesema pia nimelichonga mimi.

Tulipasukiwa siku ya kliniki, tukiteremka kwenye kona za Mbooni. Baba alikuwa nyuma na mama mmoja wa kanisani, na kwenye buti parachichi alizokuwa akipeleka sokoni Wote. Tairi ilikuwa imekatwa begani, safi, kama kwa kisu. Nilishusha parachichi, nikatoa spea, nikapiga magoti kwenye kokoto na nguo yangu ya kazi. Yule mama alisogea kivulini. Baba alibaki karibu yangu, ameketi juu ya gunia.

"Mwaitu," akaniita. Aliniita hivyo, mama yangu, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Najua nani ananiendesha."

Niliendelea kukaza nati.

"Wewe ni wa hapa. Utanuna, lakini jioni utanipikia. Yule ni mgeni. Mgeni asipofurahi, harudi."

Nadhani alikusudia kunituliza. Nilikaza nati ya mwisho mpaka spana ikaniumiza kiganja, kwa sababu ningefungua mdomo ningesema neno ambalo mtu hapaswi kumwambia baba yake. Tulipofika kliniki daktari alikuwa ameondoka. Tukaambiwa turudi wiki inayofuata.

Kesho yake niliyarudisha magurudumu ya zamani yote, Baba akinisikiliza kutoka kwenye kiti chake barazani. Hakunizuia tena. Lakini safari iliyofuata hakuongea nami hata neno kutoka Kikima hadi Wote, na daktari alipofungua bandeji, uso wake ulibadilika. Siwezi kusema kidonda kiliharibika kwa wiki ile moja. Siwezi kusema pia kwamba hakikuharibika.

Baba alituacha mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeanza. Kwenye mazishi mchungaji alieleza jinsi mwana wa marehemu alivyomjali baba yake, hata akalivalisha gari lake rimu mpya. Watu wakaitikia amina. Mimi nilitajwa miongoni mwa waliobaki nyumbani.

Ndugu za Baba walikaa chini ya turubai, wakakubaliana gari liende na mtoto wa kiume. Ndugu yangu akaja jikoni kuchukua ufunguo. Aliuliza oili ilibadilishwa lini, nikamwambia. Aliuliza kama mlango wa nyuma bado unagoma, nikamwambia ausukume kwa goti. Akanishukuru, akasema nijitunze.

Jumatatu nilienda shule kwa miguu. Matope yalikuwa mengi, nikafika nimechelewa, na mwalimu mkuu akaniuliza gari limepata shida gani.