Salamu ya Bibi katika Hekalu la Konfusio

Nilipokuwa mtoto, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye duka mjini kwetu Tukuyu akawa anaota kwenda China, mama alinichukua kwenye safari ya kununua mabegi ya shule. Hakutaka kuniacha kijijini Nkunga kwa bibi, mama yake baba. Walikuwa hawaelewani tangu mama aokoke na kunikataza kufuatana na bibi kwenye msitu wa makaburi ya wazee.

Bibi alikuja stendi hivyo hivyo, na ndizi za kuchoma ndani ya kanga.

"Mjukuu wangu, kule nako kuna wenyewe. Ukifika mahali pa wazee wao, salimia kwanza. Usiposalimia, wanakuficha."

Mama akageuka, akajifanya anatazama basi.

Tulipomaliza kununua mizigo kule China, mama alitaka tupige picha kwenye hekalu la kale la Konfusio, mwalimu wao wa enzi na enzi. Kizingiti cha mlangoni kilinifika magotini. Nikachuchumaa kusalimia, kama bibi alivyonifundisha. Mama akanivuta mkono.

"Acha hayo. Sisi tumeokoka."

Ndani kulikuwa na ua baada ya ua, miti mikongwe, na wanafunzi wamejazana wakifunga vibao vyekundu vya kuombea mitihani. Mama aliniachia mkono atoe kamera. Kundi likapita katikati yetu, na lilipokwisha mama hakuwepo. Nikakimbia huku na huko. Kila ua ulifanana na mwingine. Nilijua nimefichwa.

Nikachuchumaa chini ya mti, nikapiga makofi taratibu, nikasema huku nalia, "Mugonile," salamu ya kwetu. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia majani akaacha ufagio. Alichuchumaa kama nilivyochuchumaa, akanishika mkono, tukazunguka mpaka tukamkuta mama amekaa kwenye kizingiti, kiatu kimoja hana, analiita jina langu.

Alinikumbatia. Kisha akampigia magoti yule bibi. "Ndaga fijo," alimshukuru kwa Kinyakyusa, tena na tena, mpaka sauti ikakauka.

Tuliporudi tulipitiliza hadi Nkunga. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Mama akachukua kisu, akakaa karibu naye, akasimulia yote. Bibi aliuliza tu, "Huyo mama anafagia peke yake, eneo lote hilo?"

Leo sijui kama nilifichwa, au nilipotea tu kama watoto wanavyopotea. Mama hajawahi kusema anaamini nini, na kanisani haachi kwenda. Ila tangu safari ile likizo zangu zote nilizimalizia kwa bibi, na aliyenifungashia nguo alikuwa mama mwenyewe.