Sweta Lililoachwa Kitini

Dada yangu hakuzaliwa na mkono mwepesi, aliupata kiwandani. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifungasha sabuni, na ukichelewa kuokota mche mmoja, wa pili unakurukia. Kiwanda kilipofungwa alikuja na mkono wake ule ule hapa kwenye duka la hisani la hospitali, ninapokaa mimi kaunta, na kwa miaka kumi na minne kazi yake imekuwa kutia nguo tiketi. Watu wanamwita Mama Tiketi. Hana mtoto, lakini jina limemkaa. Mifuko inaletwa mlango wa nyuma, nguo ambazo watu wametoa bure, za waliohama, walionenepa, waliofariki. Yeye anaimwaga mezani, anachambua, anapiga pasi, kisha anachukua kile kibunduki chake cha plastiki, ta, tiketi imeingia. Nyeupe ni kwa nguo nzima, njano ni kwa zile za kizamani ambazo vijana siku hizi wanazigombania, na nyekundu ni kwa zenye kasoro.

Mimi ni mdogo wake, na domo langu watu wanalijua, kwa hiyo nitasema kama ilivyo. Dada ana kiherehere. Kitu kikikaa bila mwenyewe, roho haimtulii. Nyumbani kwake ukiweka kikombe mezani ukageuka kujikuna, kimeshaoshwa. Shemeji alikuwa akisema yeye mchana hasinzii, asije akaamka ana tiketi sikioni. Tulicheka sana na maneno yale. Siku hizi hayasemi tena.

Dukani tuna kiti kimoja cha mbao, mbele ya chumba cha kujaribia. Chumba chenyewe ni kona tu iliyowekewa pazia na kioo. Mteja akiikataa nguo anaiacha kitini, na dada anairudisha mahali pake. Kama tiketi imeng'oka, na zinang'oka sana maana watu wana mikono mibaya, anatia nyingine. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Ndani ya pazia palikuwa na ndoano ya mteja kutundika nguo aliyokuja nayo. Ilivunjika mwezi wa pili. Aliyeambiwa alete nyingine ni mimi, na kila siku nilisema kesho.

Jumatano moja, duka limejaa, akaingia mzee mmoja mrefu, amevaa sweta la kufumwa kwa mkono, zito, rangi ya majani makavu. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Alisema anatafuta koti la suti. Binti yake anakuja kumchukua Jumamosi akakae naye mji mwingine, na amemwambia hataki kumwona amevaa kama mtu asiye na kwao. Nikamwonyesha makoti ya wanaume. Alichagua kwa utulivu, anapindua kola, anavuta vifungo kuona kama vinashika, ananusa kwapani bila aibu kama wanavyofanya wateja wazoefu. Mwisho akachukua mawili, akaenda penye pazia. Hakuona pa kutundika. Akavua sweta, akalikunja, akaliweka kitini.

Dada akapita. Sikumwona, lakini najua alivyofanya kama vile nilikuwa kichwani mwake. Sweta liko kitini, halina tiketi. Akalikunjua, akaona mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, akatia tiketi nyekundu, akalitupia kwenye kapu la kasoro karibu na kaunta. Hata dakika tano hazikupita, mwanamke mmoja akalitoa kapuni, akavuta uzi kidogo kwa kucha, akaniuliza, "Hii ni sufu tupu?" Nikamwambia ndiyo. Nikapokea hela, nikamfungia, nikamwambia karibu tena.

Mzee akatoka na koti la kijivu. Lilimkaa vizuri. Akatazama kiti, akainama akatazama na chini yake.

"Mwanangu," akamwambia dada, "umeniwekea wapi sweta langu?"

Dada alitabasamu, akidhani mzee anamtania. Kisha akanigeukia mimi, mimi nikalitazama kapu, nikamwambia nimeshaliuza.

Tulitoka mbio mpaka njia panda. Hakuna mtu. Tuliporudi mzee alikuwa amesimama pale pale, tiketi ya njano inaning'inia mkononi mwa koti. Dada akamwambia alichukue hilo koti bure, achague na sweta lolote dukani, hata mawili.

"Mama, nisikilize," mzee akasema. "Lile sweta mke wangu alilifuma akiwa kitandani. Macho yalikuwa yameshamwacha, anahesabu kwa vidole. Alifariki mwezi wa tatu, mwaka huu. Sijalifua tangu siku hiyo, maana lina harufu yake, na yale mafuta aliyokuwa anajichua. Nikilala najifunika nalo usoni. Kwa hiyo sitaki lingine."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Wateja waliokuwa wakipekua nguo wakaacha.

Dada akamshika mkono. "Baba, Jumamosi kabla hujaondoka nitakuwa nimekuletea. Nakuahidi."

Nilimfinya, nimechelewa. Ahadi ilishatoka. Mzee akamwelekeza nyumba yake, akaondoka na koti.

Kuanzia hapo dada hakula chakula cha maana. Alizunguka mitaa yote ya nyuma ya duka, anabisha hodi, anaeleza sweta lilivyo. Wengine walimsikiliza, wengine walidhani anauza kitu. Shemeji akajaribu kumtuliza, akamwambia ile ni ajali. Dada akamjibu kwamba ajali ni ya gari, ile ni mikono yake. Mimi nilimfuata nyuma nikijifanya kutafuta.

Nasema kujifanya kwa sababu nilikuwa na jambo moyoni. Mtu anayeuliza kama ni sufu tupu, na anavuta uzi kwa kucha, hatafuti la kuvaa. Wako akina mama wanaonunua sweta kuukuu ili walifumue na kufumia vitu vingine. Nimekaa kaunta miaka tisa, wananijia kila wiki. Nililijua hilo tangu Jumatano ile ile, na nikanyamaza. Niliogopa kumwambia dada, maana nikimwambia nitakuwa nimemwambia pia kwamba huenda hakuna tena sweta. Nikajidanganya kwamba atalikuta limevaliwa na mtu njiani. Huo ndio ujinga wangu, na sina wa kumsingizia.

Ijumaa asubuhi nikamwambia. Hakunigombeza. Alivua aproni, akaenda moja kwa moja kwenye duka la nyuzi na sindano, nami nyuma yake. Muuza nyuzi hakuhitaji hata kufikiri. Akatuambia kuna mama anafuma kofia za watoto wachanga, anakaa jengo lile la ghorofa, chumba cha mwisho chini.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kamba, kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa kabati, zilikuwa zimeanikwa nyuzi rangi ya majani makavu, zimejikunjakunja, zinatona maji kwenye beseni. Dada alisimama kizingitini. Alielewa kabla ya mwenyewe kufungua mdomo.

Yule mama alikuwa mtu mwema, na hilo lilizidisha uchungu. Alitupa viti. Tulipomweleza akaweka mkono kifuani.

"Jamani, nimelifumua jana jioni," akasema. "Jana mchana kutwa lilikuwa hapo kwenye kochi, zima. Nikaziloweka nyuzi kwa sabuni ya unga, maana zilikuwa na harufu ya dawa."

Jana ilikuwa Alhamisi. Dada alinitazama mara moja tu, akatazama pembeni. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilingoja, na kila siku nasubiri aniulize.

Yule mama alikataa kurudishiwa hela. Tukakaa naye mpaka nyuzi zikakauka, akatusaidia kuzizungusha. Zikawa madonge saba.

Jumamosi tulifika kwa mzee saa mbili asubuhi. Gari la binti lilikuwa mlangoni, buti wazi, masanduku mawili ndani. Binti ni mwanamke wa makamo, mchangamfu, funguo mkononi, anamhimiza baba yake. Mzee alikaa kwenye ngazi amevaa koti la kijivu. Alipotuona akasimama upesi kuliko nilivyotarajia, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mfuko.

Dada akaufungua. Akajaribu kueleza, maneno yakamkwama, ikabidi nimalizie mimi. Nilisema yote, na la Alhamisi nikalisema. Mzee akachukua donge moja, akalipeleka puani, akakaa nalo hapo kwa muda. Akachukua la pili. Alinusa yote saba, moja baada ya jingine. La mwisho akalirudisha mfukoni taratibu.

"Sabuni," akasema.

Dada akapiga magoti. Akasema atamfumia jingine, atajifunza, atalituma popote alipo. Mzee akamwinua kwa kiwiko.

Binti alikuwa amesikia kila kitu. Akaja akamkumbatia dada, kumkumbatia kwa kweli, si kwa adabu tu.

"Usilie, dada yangu," akamwambia. "Mimi nakushukuru. Miezi minne nimembembeleza baba aliache lile sweta, linanuka, watoto watamcheka, nimeshindwa. Mungu amekutumia wewe. Asante sana."

Dada alikuwa mikononi mwake kama gunia. Mzee alikuwa nyuma yao, hatua mbili, ameshika mlango wa gari.

"Mshukuru vizuri," akamwambia binti yake. "Amekumalizia kazi."

Kisha akaingia, akakaa kiti cha nyuma, akafunga mlango mwenyewe. Mfuko wa nyuzi ulibaki kwenye ngazi.