Dobi Aliyesubiri Kipimo cha Pili

Saa moja asubuhi, dobi wa hospitali anakamua shuka ya arobaini. Mashine ya kufulia ina miezi saba imekufa. Wakubwa wakipita husema inashughulikiwa.

"Mashine yao ndiyo hii mikono," anasema. "Nayo haidai spea."

Ana miaka arobaini na sita. Yeye na mumewe, dereva wa lori, wanaishi na virusi vya Ukimwi mwaka wa kumi na moja huu. Dawa walikuwa wakimeza pamoja, kila mmoja akimchunga mwenzake kama mtoto mtoro.

Kisha akapimwa kaswende kliniki, na karatasi ikasema anayo. Akachomwa sindano tatu, moja kila wiki. Mume akapimwa, hana. Akabeba begi akahamia kwa dada yake, na huko akamwaga mtama mbele za watu: mke wangu ana bwana.

Mama wa maabara, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alimweka chini akamweleza. Kipimo kile hakimtafuti mdudu wa kaswende, kinatafuta kingamwili. Na kwa baadhi ya wenye virusi, mwili hutengeneza kingamwili zinazougeukia mwili wenyewe, kipimo kikazidhania za kaswende. Dawa yake ni kupima tena kwa kipimo cha aina nyingine. Vifaa vyake ndivyo havikuwepo.

Barua ya kuviagiza ilikaa miezi mitatu ikingoja sahihi ya mkubwa. Alikuwa semina; alipotoka semina akaingia likizo. Ndoa ya miaka ishirini na mbili ikalala chini ya karatasi ile.

Wiki iliyopita vifaa vilifika. Dobi hana kaswende. Daktari amemtaka arudi kupimwa damu tena baada ya wiki kumi na mbili, kwa kuwa kingamwili za namna hiyo huweza kugandisha damu. Mkubwa hakuomba radhi. Alisema mfumo una changamoto zake.

Jana mume alisimama mlangoni pa chumba cha kufulia, begi mkononi. Alisema yameisha, mama watoto, turudi nyumbani. Dobi hakuacha kukamua.

"Yameisha kwako," alimjibu. "Kwa wifi ulisema umesimama, majirani wanasikia. Karudie palepale, na sauti ileile."

Mume ameomba iwe Jumapili. Dobi ameshaomba ruhusa kazini.

"Sitasema neno," anasema, akichukua shuka nyingine. "Nitavuta kiti, nikae, nisikilize."