Alifu Iliyorukwa

Marehemu Yaqdhan hakusali hata siku moja bila ya udhu. Hilo liwe la mwanzo, kwa kuwa kinyume chake ndicho kilichozungushwa mji mzima wa Al Amerat, Oman, na waliokizungusha wanajijua. Alikuwa mfasiri wa wizara. Kwa miaka thelathini na moja alivuka mlima kwa gari kila asubuhi kwenda kazini Maskati, na imamu wa mtaa akisafiri, yeye ndiye aliyesukumwa mbele kusalisha.

Mjane wake, Kheiria, alikuwa katika mwezi wa pili wa eda pale wifi yake, Nadra, alipokuja kumsaidia kupanga vitabu vya marehemu. Nadra alikaa saa moja tu chumbani, akatoka ameinamisha macho, akaaga bila ya kunywa kahawa.

Kabla ya magharibi sauti yake iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

"Jamani, mie nnatetemeka. Nimeona daftari la kaka yangu, ninalo hapa. Kaandika juu kwa Kiarabu, kwa mkono wake: miaka thelathini ndani ya hadathi, na sikutaka kutoka. Tumuombeeni."

Kheiria aliisikiliza mara tatu. Hadathi ni ile hali ya kukosa tohara, ambayo mtu hasali nayo mpaka atawadhe, na ikiwa kubwa, mpaka aoge. Mtu aliyekuwa akikaa bafuni na udhu wake mpaka chai ikapoa, leo ndiye wa kusemwa hivyo?

Asubuhi yake akaja Suud, jirani. Alisimama nje ya pazia la mlango.

"Bi Kheiria, nisamehe. Wenzangu wamenituma. Zile sala alizotusalisha marehemu, tuzirudie?"

"Za miaka mingapi?"

"Hilo nalo wamenituma niliulize."

Suud alipokwenda zake, Kheiria alimpigia simu Nadra. "Lete daftari."

Nadra alilileta chini ya abaya, kama mtu aliyebeba maiti ya paka. Kheiria alikuwa amesomesha Kiarabu shule ya wasichana miaka ishirini na sita. Alivaa miwani, akatazama jalada, kisha akamtazama wifi yake.

"Soma hapa. Baada ya herufi dali pana nini?"

"Pana... alifu."

"Umeipeleka wapi jana?"

Nadra alilisogeza daftari karibu na macho.

"Hii si hadathi. Ni hadaatha. Usasa. Wale waandishi na wachoraji wa Ulaya wa mwanzo wa karne iliyopita, waliosema dunia imebadilika na sura za zamani za sanaa haziitoshi tena. Washairi wakaacha vina. Wachoraji wakachora uso mmoja kwa mbele na kwa ubavu pamoja. Kaka yako akiwasoma hao wakati wa mapumziko, wenzake wakila."

"Ndiyo ile picha yake ya chumbani, ya mwanamke mwenye pua pembeni?"

"Ndiyo hiyo. Nilimuuliza, huyu kapigwa na nani? Akanambia, hakupigwa, katazamwa mara mbili."

Nadra alicheka, halafu akajifunika uso. Kheiria alimsogezea simu. Mbele yake Nadra aliwaambia ukoo mzima kwamba aliruka alifu, kwamba kaka yake hakuwa na kosa lolote. Kisha akampigia Suud, naye alishukuru kwa sauti ya mtu aliyesamehewa sala za miaka.

Hapo tu ndipo Kheiria alipolifungua daftari.

Ndani mlikuwa na Kiswahili. Mashairi, hayana vina wala mizani, mistari mingine neno moja tu. Kheiria ni binti wa mtunzi, aliyelelewa kuhesabu mizani kwa vidole. Zamani, wangali wageni katika ndoa, Yaqdhan alimsomea shairi la namna hii, naye akamcheka: "Hilo shairi au orodha ya sokoni?" Yaqdhan alitabasamu, akalikunja. Hakumsomea jingine. Kheiria alidhani ameacha.

Hakuacha. Na ukurasa baada ya ukurasa, aliyeandikwa alikuwa yeye Kheiria: mkono wake juu ya sufuria, sauti yake ikiita na kimya chake kikikataa katika mstari huohuo. Katazamwa mara mbili, miaka thelathini, na hakujua. Alikaa chini polepole.

"Kuna nini, wifi?" Nadra aliinua shingo. "Kaandika nini? Kanitaja mie?"

Kheiria alilifunga daftari, akaliweka mapajani, viganja vyote viwili juu ya jalada.

"La nje nimekusomea, kwa sababu la nje ulilitangaza. La ndani halisomwi, si na wewe, si na mwengine. Sisemi zaidi."