Ile Kompyuta ya Angani Haikuwa na Waya

Niliwahi kumtia bibi yangu ndani ya kompyuta. Usicheke bado. Hasira zimenirudia upya juzi, na wa kulaumiwa ni televisheni.

Nilikuwa nyumbani Temple Hills, huku ughaibuni, kwenye kochi ambalo limeshachukua umbo la makalio yangu. Mimi ni mtu wa ndani. Wanaotaka kujua kama nje kuna baridi hawaniulizi mimi. Nikabonyeza rimoti, nikaangukia stesheni ya vipindi vya zamani, na hapo nikakuta kile kipindi cha chombo cha angani tulichokitazama utotoni. Nahodha kavaa suti ya kubana, milango inafunguka yenyewe, na mbele yake, kwenye meza ya kuongozea chombo, imekaa kompyuta yetu. Aina ileile, rangi ileile ya chai ya maziwa, vitufe vilevile vya kahawia. Wameipaka rangi ya fedha pembeni na kuibandika taa mbili nyekundu, eti hatutaitambua. Ndugu yangu, shangazi yako hata umfunike baibui, si utamjua kwa mwendo?

Ya kwetu mama aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, enzi tunaishi Takoma Park, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, akataka kujifunza kuchapa ili naye apate kazi ya kukaa kitini. Kompyuta za nyumbani za siku zile zilikuwa maskini. Yetu haikuwa na kioo, ikaazima televisheni yetu. Haikuwa na pa kuhifadhia kitu, ikaazima redio kaseti. Mama akikaa kuchapa, sisi hatuna kipindi. Baba, aliyekuwa dereva wa ubalozini, alizoea kusema, "Mgeni gani huyu, kaja mikono mitupu na kila cha mwenyeji anakitaka."

Sasa redio kaseti ile ndiyo iliyokuwa ikituletea bibi. Bibi wa Lushoto hakuandika barua, alirekodi. Kaseti ilikuja na yeyote aliyesafiri, imefungwa kwenye kipande cha khanga, inanukia iliki na moshi wa kuni. Tunamsikiliza upande mmoja, tunamjibu upande wa pili, kaseti ileile inarudi kwake. Kazi yangu mimi ilikuwa kuikaza tepu kwa kalamu ya biki ikilegea. Na bibi alikuwa na salamu, ee bwana. Anamuuliza baba, anamuuliza mama, anauliza meno yangu yaliyong'oka, anauliza hali ya majirani asiowajua hata majina. "Salamu kwanza, mambo baadaye," ndiyo kauli yake. Mama hakuwa na pupa naye. Ile kaseti ninayoisema alisikiliza salamu Ijumaa huku akikaanga maandazi, akaizima hapo, mambo yenyewe akayaweka ya Jumapili, kama mtu anayebakiza nyama mwisho wa sahani.

Jumamosi mama yuko kazini, mimi niko na kipindi changu. Nahodha akabonyeza kitufe chekundu kwenye kompyuta yetu, akasema neno, na bibi kizee wa sayari nyingine akatokea kwenye kioo, akamjibu. Nikageuka nikaitazama mashine yetu pale pembeni. Bibi yumo kwenye kaseti, kaseti inaingia kwenye kompyuta, kompyuta inaonyesha kwenye televisheni. Ubaya wa hesabu hiyo uko wapi?

Nikaunganisha nyaya kama nilivyomwona mama akifanya, nikaicheza kaseti kuanzia pale mama alipoizima. Kioo kikabaki cheusi. Nikajilaumu: mdogo ndiye anayeanza kuamkia, bibi atatokeaje hajaamkiwa? Nikabonyeza kitufe chekundu cha redio, kama nahodha. Nikasema, "Shikamoo bibi." Nikasubiri marahaba. Nikasema tena, kwa adabu zaidi, mpaka kaseti ikafika mwisho na kujizima.

Kitufe chekundu cha redio, kama unakumbuka, kilikuwa cha kurekodi, na ukirekodi unafuta kilichokuwemo. Na waya wa kompyuta ukiwa umechomekwa, redio haisikii mtu. Kwa hiyo hata shikamoo zangu hazikubaki. Ulibaki mvumo tu.

Jumapili mama alikaa na kikombe chake akausikiliza mvumo ule hadi mwisho. Hakunipiga. Aliniuliza, "Ulikuwa unatafuta nini?" Nikamjibu nilitaka kumwona bibi. Akaniambia nikanawe uso.

Kaseti iliyofuata ilikuja na sauti ya mjomba, kutuambia bibi ametutoka. Mambo aliyotaka kutuambia bibi, mjomba hakuyajua. Alisema bibi alikuwa akijifungia chumbani kurekodi. Siku nyingine mama alinikuta kwenye kipindi kilekile, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaikagua kompyuta ya nahodha, akasema, "Mbona haina waya?"

Juzi nimehakikisha. Televisheni za siku hizi ni pana, hazifichi aibu. Nilisimamisha picha nikasogea kama mama. Haina waya wa umeme, haina wa kaseti, tundu la nyuma limezibwa kwa karatasi ya fedha. Watu wazima, wenye mishahara, wamechukua mashine isiyoweza hata kujiwekea kitu chake yenyewe, wakatuambia inaita watu sayari za mbali. Binti yangu, anayeelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza, aliniambia hilo ni pambo la kuigizia tu. Halafu akaendelea kusikiliza ujumbe wa sauti wa shangazi yake kutoka Tanga, ameuongeza kasi ili zile salamu zipite upesi. Salamu! Kaseti hakuna tena, khanga yenye harufu ya moshi hakuna, na anayesubiri mpaka Jumapili ndipo asikie mambo, huyo hata ukimtafuta kwa tochi humpati.

Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alikuja jioni kuniletea bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, akanikuta bado nafoka. Nikamweleza yote, nikamwonyesha na tundu lililozibwa. Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, akaliweka bakuli mezani.

"Bale walikuwa wanaigiza," akasema, akimwonyesha nahodha kwa kidole. "Mwenye alifinya butoni ya redio ni wewe."