Mwanamke Aliyekaa Bila Nyasi

Kwetu Muleba, upande wa mlima unaotazama ziwa, mwanamke akipanda rweya sharti awe na mundu na kamba. Rweya ni ile nchi ya nyasi iliyo wazi, nje ya migomba, mahali ambapo hakuna aliyejenga. Wanawake huenda huko kukata nyasi za kutandika sakafuni, maana nyumba yenye nyasi zilizochakaa ni aibu, na mgeni akiketi juu yake habari hufika mpaka kijiji cha pili. Mwanamke mwenye mzigo wa nyasi kichwani hasumbuliwi na mtu. Asiye na mzigo huulizwa ametoka wapi, na anayemuuliza huwa amekwisha kujijibu.

Shangazi yangu Klaudia Kokwijuka aliijua sheria hiyo kuliko wengi. Mimi nilimwita Tatenkazi, kama kila mtoto wa kwetu anavyomwita dada wa baba yake. Kila kiangazi, kahawa ikisha kuanikwa na vumbi likianza kufunika majani ya migomba, alipanda rweya saa tisa alasiri. Alikata nyasi kwa robo saa, akafunga mzigo, akauweka juu ya jiwe pana lililopo ukingoni, akaukalia. Basi. Alikaa mpaka kivuli cha mlima kifike majini. Kwetu jua huzama nyuma yetu, upande wa nchi kavu. Kinachoonekana mbele ni kivuli cha mlima wenyewe kikishuka mteremko, kikipita juu ya mapaa ya nyumba, kikielekea ziwani. Kikigusa maji, aliinuka. Kisiwa cha Bumbire kule mbali kilikuwa bado kina mwanga, chekundu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alipenda kukiona hivyo, halafu akageuka akashuka na nyasi zake.

Alikuwa ameolewa Buganguzi akiwa na miaka kumi na sita. Sijui yaliyompata huko. Hakuwahi kuyasimulia na sikuwahi kumuuliza kwa namna ambayo angeweza kunijibu. Najua kwamba mwaka mmoja baada ya Uhuru alirudi kwa miguu, jembe begani, bila mtoto, na baba yangu Buberwa akampa kijumba pembeni ya kibanja chetu, shamba letu la migomba. Watu walisema amefukuzwa. Yeye alisema, "Nimekuja." Kiangazi kilichofuata ndipo alipolipata lile jiwe.

Mwaka 1975 nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya kijiji chetu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimechoka, ingawa sikuwa na sababu ya kuchoka. Siku moja Tatenkazi aliniona nimeegemea mlango nikitazama uwanja usio na kitu.

"Benadetha," alisema, "twende nikakuoneshe mahali."

Tulipofika juu alivua kitambaa cha kichwani, akakiweka chini na kijiwe juu yake kisipeperuke. Akanyoosha miguu yote miwili mbele, moja kwa moja, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi mbele za watu. Kutoka kwenye pindo la kanga alitoa njugu mawe za kuchemsha, akanigawia nusu. Upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi kidogo na ulinukia moshi wa nyasi zilizochomwa mahali fulani mbali. Tulikula polepole. Nilisikia masikio yangu yakifunguka, kama yanavyofunguka mtu akitoka kuogelea.

Wakati wa kushuka nilimwona hana mzigo. Hakuwa na mundu wala kamba.

"Tatenkazi, nyasi ziko wapi?"

"Umeona nyuma ya nyumba yangu?"

Nilikuwa nimeona. Kulikuwa na lundo la nyasi kavu lililofika kwenye dirisha. Nilidhani ni za kuezekea.

"Sakafu yangu ni ndogo kama mkeka," alisema. "Miaka kumi na mbili nakata nyasi zisizo na kazi ili niruhusiwe kukaa. Mwaka huu nimeuacha mundu nyumbani."

Sasa niseme habari za kijiji. Sisi hatukuhamishwa kama watu wa mikoa mingine. Migomba na kahawa yetu haikuweza kubebwa, kwa hiyo kijiji cha ujamaa kiliandikishwa palepale tulipokuwa. Tulipata mwenyekiti, Mzee Rwegasira, mtu mpole aliyetafuna punje za kahawa siku nzima. Tukapata na katibu, Philbert Kagaruki, kijana wa hapohapo aliyerudi kutoka kwenye mafunzo ya miezi mitatu akiwa na kofia mpya na sauti mpya. Jumanne na Ijumaa asubuhi kila mtu alilima kipande chake katika shamba la pamoja. Kisha Philbert akatangaza kwamba kiangazi chote, alasiri, wananchi watakusanya mawe ya kujengea ghala, kwa hiari. Mawe yenyewe yalikuwa rweya, ukingoni.

Ijumaa moja alipanda kuchagua mahali pa kuyatoa, akamkuta Tatenkazi amekaa, miguu imenyooshwa, kichwa wazi. Mazungumzo yao niliyapata kwa Tatenkazi mwenyewe jioni ileile, na aliyasimulia kwa sauti zote mbili.

"Ndugu Klaudia, unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Unasubiri nani?"

"Kivuli."

"Kivuli cha nani?"

"Cha mlima. Na usiniite ndugu. Mama yako nilimbeba mgongoni akiwa na kamasi."

Philbert alitazama huku na huku akitafuta mundu. Alipoukosa, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Shauri lilisomwa Jumatano iliyofuata, kwenye uwanja wa shule, saa nane mchana. Viongozi walikalia madawati ya darasa la tatu, magoti yakifika vifuani. Wananchi walikaa chini, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, niliitwa kuandika kumbukumbu za mkutano.

Philbert alisimama akasoma. Ndugu Klaudia Kokwijuka ameonekana akizembea wakati wenzake wanajenga taifa. Alipendekeza mambo mawili. La kwanza, abebe mawe mia moja ya ghala. La pili, kuanzia siku hiyo mwanamke yeyote asipande rweya isipokuwa kwa kazi, na kwa kibali cha balozi wake wa nyumba kumi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala kwa Tatenkazi, naye akaniambia, "Mawe nitabeba, mgongo wangu haujafa. Lakini wakinifungia mlima, nitabaki na nini?" Hakulia. Alikuwa anapepeta maharage, na aliendelea kupepeta hata makapi yalipokwisha.

Mzee Rwegasira alihamisha kahawa yake kutoka shavu moja kwenda la pili. "Klaudia, waitu," alisema kwa upole na heshima, "hapa pana kutoelewana tu. Ulikuwa umekwenda kukata nyasi. Sivyo?"

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Kila mtu pale alijua ni mlango, na kila mtu alitaka apite.

"Alikwenda kukata nyasi," akasema mtu upande wa wanaume.

"Mundu wake ulikuwa kwangu!" akapaza sauti Immakulata, jirani yetu, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amemsema Tatenkazi kwa wema hata mara moja. "Niliuazima asubuhi. Maskini, alikuwa ananisubiri nimpelekee!"

"Basi," Mzee Rwegasira akasema kwa furaha. "Mwalimu, andika. Alikuwa anakata nyasi."

Niliandika. Naona aibu kusema kwamba niliandika haraka na kwa moyo mwepesi, na nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Tatenkazi alisimama. Hakupiga magoti kama desturi inavyotaka. "Mwalimu," alisema, akinitazama kana kwamba hatukulala nyumba moja, "soma ulichoandika."

Nilisoma.

"Futa."

"Klaudia," mzee akaonya.

"Futa, mwanangu. Mundu wangu uko nyumbani, umetundikwa ukutani. Immakulata hakuuazima; tangu lini Immakulata akaniomba kitu?" Wanawake wakacheka, Immakulata naye. "Andika kwamba nilikuwa nimekaa."

"Mnasikia wenyewe!" Philbert akasema. "Amekiri uzembe."

"Nauliza, katibu. Kipande changu cha Ijumaa kililimwa au hakikulimwa?"

"Kililimwa."

"Cha Jumanne?"

"Kililimwa, lakini..."

"Mawe ni ya hiari au si ya hiari?"

"Ni ya hiari. Lakini kila mtu anatakiwa..."

"Basi hiari yangu ilikataa. Wewe leo umekaa kwenye dawati hilo tangu asubuhi. Nimepita hapa mara mbili nikienda mtoni."

"Mimi nilikuwa nafanya kazi!"

"Ulikuwa umekaa. Na hawa," akawaonesha wanaume kwa kidevu, "saa tisa watakuwa kwenye pombe ya rubisi, kilabuni kwa Rugaibula, mpaka giza. Ile mnaiita nini?"

"Mapumziko," akajibu mzee mmoja bila kufikiri, na wanawake wakapiga makofi.

"Mwaka wa Uhuru," Tatenkazi akaendelea, na sasa sauti yake ilishuka mpaka ikabidi wa nyuma wasogee, "nilikuwa Buganguzi, kwa mume. Wote walikwenda kucheza ngoma, mimi nikaachwa kulinda mtungi. Nikajiambia, labda huu uhuru unakuja kwa zamu, nitasubiri yangu. Nimesubiri. Nimelima na kupalilia shamba la pamoja, na nyasi nimekata mpaka zimeziba dirisha langu. Sasa nimeichukua zamu yangu mwenyewe. Haina madhara kwa mtu. Nakaa na kutazama maji. Mawe mkitaka nipeni. Lakini mlima hamkuuweka nyinyi pale."

Nilifuta. Karatasi ilitoboka kidogo pale nilipokuwa nimepiga mstari.

Mzee Rwegasira alitema kahawa mkononi, akaitazama. Nadhani aliumia. Alikuwa amemtafutia njia ya heshima, naye ameikanyaga. "Haya," alisema. "Umekiri mbele ya watu, nami siwezi kunyamaza. Mawe mia moja, kumi kila siku. Na hilo la pili, katibu, lisome tena."

"Mwanamke asipande rweya isipokuwa kwa kazi."

"Anayekata nyasi akachoka, akakaa kidogo kabla ya kujitwisha?" mzee akauliza.

"Huyo anaruhusiwa."

"Kidogo kiasi gani?"

Philbert alifungua daftari, akalifunga.

"Na tukibanwa na haja huko juu," Immakulata akauliza, "kibali tutafuata kwa balozi, au tutajizuia mpaka Jumanne?"

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Hata Mzee Rwegasira alijifuta macho. Philbert peke yake hakucheka. Alinitazama mimi na kalamu yangu, kana kwamba ningemsaidia. La pili halikuandikwa. Kama Tatenkazi angekubali kuwa alikuwa anakata nyasi, lingepita bila mtu kutikisa kichwa, kwa sababu lilikuwa tayari ndiyo desturi yetu. Nilichelewa miaka kuelewa hilo.

Kesho yake alianza. Aliyempa adhabu hakukumbuka mawe yako wapi. Kwa siku kumi, kwa amri ya kijiji, shangazi yangu alitakiwa kupanda rweya kila alasiri. Alibeba mawe tisa mfululizo, kanga imekunjwa kama kata kichwani, shingo imenyooka. Kabla ya la kumi alikaa, mbele ya wote waliokuwa wakikusanya mawe ya hiari, akanyoosha miguu na kula njugu zake. Siku ya tatu Immakulata alikaa naye, mundu mapajani. Siku ya tano mundu ulikuwa chini. Tatenkazi hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alisogea tu.

Siku ya kumi nilikuwa nimeagizwa na mwenyekiti kuhesabu mawe yake kwenye kiwanja cha ghala. Yalikuwa tisini na tisa. Philbert alisema hakubali, akapanda mwenyewe, nami nikamfuata nyuma na daftari.

"Limebaki moja," alisema alipofika. Alikuwa akihema, kofia mkononi.

"Najua. Nimelikalia."

"Lile jiwe ni kubwa, haliwezi kubebwa!"

"Si hilo. Lipo dogo juu yake. Hili hapa." Aligonga chini yake kwa kisigino. "Ukilitaka, subiri niinuke."

"Utainuka lini?"

"Kivuli kikifika majini."

Philbert alitazama chini. Kivuli kilikuwa ndiyo kwanza kinagusa mapaa ya misheni. Alisimama. Alisimama kwa muda mrefu kama askari, akahamisha mguu, akahamisha mwingine. Upepo ulikuwa mzuri. Immakulata alimnyooshea njugu mbili, akazikataa. Baadaye kidogo akazichukua.

"Huoni haya kusimama juu ya vichwa vya wakubwa?" Tatenkazi alimuuliza bila kugeuka.

Alikaa. Kwanza kwa kuchuchumaa, halafu kabisa, kwenye nyasi, kofia juu ya goti. Kivuli kilipita shuleni, kikapita kanisani, kikaingia kwenye matete. Tulikaa mpaka Bumbire ilipobaki peke yake na mwanga.

Tatenkazi alifariki mwaka 1984, kiangazi, na tulimzika kibanjani kama watu wote wa kwetu. Mimi naishi Rwamishenye sasa, Bukoba mjini, na kila likizo hupanda pale mikono mitupu. Siku ile ya kumi nilikuwa na daftari na kalamu, na kazi yangu ilikuwa kuandika. Sikuandika kwamba katibu alikaa. Nimeandika leo.